Michango Yetu Isipotelee Mipakani

Aajiriwaye katika nchi nyingi za Ulaya hukatwa, mwezi baada ya mwezi, sehemu ya ujira wake kwa ajili ya uzee, maradhi na kukosa kazi. Na kwa kuwa aghalabu watu wetu huanza maisha ya ughaibuni katika nchi moja wakaishia katika nchi ya tatu, wapo miongoni mwetu waliofikia umri wa kupumzika hali wakiamini kwamba ile miaka waliyoitumikia kwingine imekwenda bure. Haikwenda bure, na jarida hili limeona ni wajibu wake kulitangaza jambo hilo jahara.

Mataifa sita yaliyotia saini Mkataba wa Roma mwaka 1957, chimbuko la Umoja wa Ulaya wa leo, yaliweka kanuni ya kuratibu hifadhi ya jamii mwaka uliofuata tu, kwani yalitambua kwamba mfanyakazi hatathubutu kuvuka mpaka iwapo kuvuka huko kutamfutia akiba yake. Lakini kanuni hiyo, na hata ile ya 1408/71 iliyoirithi, ziliwahusu raia wa nchi wanachama, wakimbizi na wasio na uraia, pamoja na ahali zao. Mfanyakazi aliyetoka Mombasa au Kigoma kutafuta riziki, ingawa alichangia sawasawa na mwenziwe wa kiwandani, hakuwamo. Insafu ilichelewa hadi tarehe 1 Juni 2003, ilipoanza kutumika Kanuni 859/2003. Na tangu tarehe 1 Januari 2011, Kanuni 1231/2010 imeupanua mfumo mpya wa Kanuni 883/2004 utufikie na sisi, maadamu tunaishi kihalali katika nchi mwanachama na mambo yetu yanagusa zaidi ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya. Denmark haimo katika upanuzi huo.

Faida yake yaonekana katika hesabu. Ujerumani haimpi mtu pensheni ya uzeeni mpaka atimize miaka 5 ya michango, hivyo aliyechangia huko miaka 4, na kabla yake miaka 3 Ubelgiji, angaliambulia patupu kwa Wajerumani. Lakini vipindi vyake vikijumlishwa, sharti hilo hutimia, kisha kila nchi humlipa kwa kadiri ya muda aliochangia kwake. Wala halazimiki kuzunguka ofisi za nchi zote hizo, kwani hupeleka ombi lake katika nchi anamokaa, na taasisi husika zikaandikiana zenyewe. Mjane naye, akiachwa na mume aliyefanya kazi nchi mbili tatu, ana njia iyo hiyo ya kudai fungu lake.

Hata hivyo, kanuni hizi zina ukomo. Miaka ambayo mtu alichangia katika mifuko ya Tanzania, Kenya au Kongo haihesabiwi humo, na haitahesabiwa ila kwa mapatano baina ya dola na dola, kama yale ambayo Uturuki na Moroko zilifunga na Ujerumani zamani.

Kwa hiyo tunawasihi ndugu zetu wote, wazee kwa vijana, wahifadhi hati za mshahara na barua za bima za kila nchi waliyofanyia kazi, na waombapo pensheni wazitaje nchi hizo zote bila kuacha hata moja, maana taasisi haiwezi kuulizia michango isiyoambiwa kuwa ipo. Na kwa mabalozi wetu tunasema kwa adabu, lakini kwa msisitizo: serikali za nyumbani, ambazo husifu kila mwaka fedha tunazowapelekea ahali zetu, zifungue mazungumzo ya mapatano hayo sasa, ili mtu anayetaka kurejea kwao asilazimike kuchagua baina ya nchi yake na haki yake.