Ukuta wa nje haumzuii mtoto aliye ndani

Fungua kurasa za matangazo ya nyumba, msomaji, uone jinsi mitaa ya magharibi mwa Nairobi inavyojinadi. Nyumba za kupanga za Kileleshwa, Lavington, Kilimani na Westlands husifiwa kwa lifti, jenereta, kisima, walinzi wa usiku na mchana, na kidimbwi cha kuogelea. Mpangaji anapokuja kutazama huuliza mengi. Stima ikipotea, jenereta huwaka upesi? Maji ya mfereji huja siku ngapi kwa wiki? Ada ya huduma ni kiasi gani? Akifika penye kidimbwi husifu rangi ya maji, kisha huenda zake.

Ni wachache wanaouliza swali ambalo lingetangulia mengine yote. Mtoto wa miaka miwili akitoka sebuleni peke yake, ni kitu gani kitakachomzuia kufika majini?

Kwa miaka mingi kidimbwi cha nyumbani hapa jijini kilikuwa mali ya wachache, mabalozi na matajiri wa Karen, Loresho na Kitisuru. Siku hizi mambo yamebadilika. Nyumba za zamani za Kilimani na Kileleshwa zilizokuwa na bustani kubwa zimebomolewa, na mahali palipoishi familia moja sasa pamesimama orofa zenye familia hamsini au mia. Kidimbwi ni cha wote, na mali ya wote, kama tujuavyo, mara nyingi haina mwenyewe. Mwenye jengo humtegemea wakala, wakala humtegemea mtunza bustani, naye mtunza bustani huamini kwamba kila mzazi anamwangalia mwanawe.

Hili si jambo la kufanyia mzaha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji kote duniani. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha wastani kama yetu, na karibu robo walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Wengi hufa katika mito, maziwa, visima na mashimo. Hata hivyo, maji ya kidimbwi hayana huruma zaidi kwa sababu yamezungukwa na vigae.

Methali yetu husema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtoto mdogo methali hiyo hutudanganya. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, na akiinama kuchukua mpira huanguka kichwa mbele. Hapigi kelele, kwa kuwa kinywa kimejaa maji, na mara nyingi harushi hata mikono. Huzama kimya. Akikosa hewa kwa dakika nne hivi, ubongo wake huanza kuharibika. Muda huo ni wa kupokea simu moja tu, au wa kwenda jikoni kutazama chakula.

Ua wa pande nne

Hapo ndipo penye kosa letu kubwa sisi watu wa Nairobi. Tumezoea kuiogopa hatari inayotoka nje. Tumejenga kuta ndefu, tukaweka nyaya za stima juu yake, tukaandika bawabu wawili langoni na kitabu cha kusajili wageni. Mtu akituuliza kama kidimbwi kina ulinzi, tunamwonyesha ukuta huo. Lakini ukuta wa ploti humzuia mwizi. Mtoto hatoki nje ya ploti. Anatoka ndani ya nyumba, kupitia mlango wa jikoni ulioachwa wazi.

Nchi zilizoliona tatizo hili mapema zilitunga sheria. Jimbo la New South Wales nchini Australia lina sheria maalumu ya vidimbwi vya nyumbani tangu mwaka 1992, na Ufaransa ilipitisha yake mwaka 2003. Watafiti waliolinganisha nyumba zenye ua unaozunguka ploti nzima na zile zenye ua unaozunguka kidimbwi chenyewe kwa pande zote nne, walikuta kwamba ua wa pande nne huokoa watoto wengi zaidi. Sababu yake ni nyepesi. Ua huo umesimama kati ya mlango wa nyumba na maji.

Ua wa namna hiyo hauhitaji mtaalamu wa ng'ambo. Fundi wa kuchomelea vyuma wa Gikomba au Kawangware ataufanya vizuri akipewa vipimo. Urefu usipungue mita 1.2. Vyuma visimame wima na nafasi kati yake isifike sentimita 10, maana vyuma vya kulala humpa mtoto ngazi ya kupandia. Lango lifunguke kwa upande wa nje, lijifunge lenyewe kwa springi, na komeo lake liwe juu asipofikia mtoto. Tena, viti, vyungu vya maua na meza visiwekwe karibu na ua, kwa kuwa mtoto mwerevu atavitumia kupanda.

Sheria inasemaje?

Wengine hudhani kwamba mtu akiwa na hati ya ploti yake anaweza kuchimba apendavyo. Sivyo. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayeanza ujenzi bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Kuna pia Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Anayetaka kuchimba kisima cha kujazia kidimbwi chake hana budi kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Kisha kuna Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kwa sheria hii, maji yaliyotuama yakazalisha mbu ni kero, na bwana afya anaweza kumwamuru mwenye ploti ayaondoe. Kifungu hiki kingefaa kukumbukwa kila mahali ambapo nyumba ya zamani imeuzwa, wenyewe wamehama, na kidimbwi kimeachwa kikageuka kijani kikisubiri tingatinga. Mwaka 2023 KEMRI ilitangaza kwamba mbu aina ya Anopheles stephensi, anayeeneza malaria na ambaye hustawi katika maji ya mijini, alipatikana Marsabit. Si busara kumwandalia makao Nairobi. Na hata mbu asipokuja, mtoto wa jirani atakuja kutafuta mpira wake.

Iko sheria nyingine ambayo wenye nyumba wengi hawaijui, nayo ni Sura ya 34, inayohusu wajibu wa mwenye jengo kwa wageni wake. Inamtaka ategemee kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Pia inaeleza kwamba onyo peke yake halimwondolei lawama, ila kama linatosha kumfanya mgeni awe salama. Basi lile bango la "Ogelea kwa hatari yako mwenyewe" lisimpe mtu usingizi. Mtoto wa miaka mitatu hasomi mabango.

Utaona kwamba hatukosi sheria. Tatizo ni kwamba nyingi zake humkuta mjenzi akiwa na ramani mkononi kule City Hall, kisha zikamwacha. Ramani huidhinishwa mara moja, lakini maji hubadilika kila siku. Springi ya lango hukatika, kifuniko cha bomba hulegea, taa ya chini ya maji huingiza unyevu, na jengo hubadilisha wakala mara tatu.

Maji na dawa

Maji yenyewe yana mambo yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unashauri kwamba kidimbwi kinachotiwa klorini kiwe na kipimo cha pH kati ya 7.2 na 7.8. Kipimo hicho kikipanda sana klorini hulegea, na viini vya kuhara, vya magonjwa ya masikio na vya ngozi hupata nafasi. Wengi huamini kwamba harufu kali ya dawa ni dalili ya usafi. Kwa kweli harufu hiyo hutokea klorini inapochanganyika na jasho na mkojo, kwa hiyo mara nyingi ni dalili ya uchafu. Yako pia maradhi ambayo klorini haiyawezi upesi. Kijidudu kiitwacho Cryptosporidium huweza kuishi siku nyingi katika maji yaliyotiwa dawa vizuri, na ndiyo maana mtu anayehara hapaswi kabisa kuingia kidimbwini.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni macho yako. Simama ukingoni utazame chini upande wa kina kirefu. Usipoona sakafu waziwazi, watu wasiingie, maana aliyezama hapo hataonekana.

Kuna hatari nyingine zisizoonekana. Tundu la chini linalovuta maji kwenda kwenye pampu linaweza kunasa nywele au mkono wa mtoto likikosa kifuniko madhubuti. Marekani ilitunga sheria juu ya jambo hili mwaka 2007. Dawa nazo zihifadhiwe chini ya kufuli. Poda ya klorini hutiwa katika maji, wala maji hayamwagwi juu ya poda, na isikutanishwe kamwe na asidi, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu. Mara nyingi mtunza bustani hupewa ndoo hizo bila glavu na bila maelezo. Yeye pia ni mwana wa mtu.

Lawama ya yaya

Najua jibu litakalotolewa na wengi. Watasema mtoto ni wa kuangaliwa na mzazi wake au yaya, na kwamba ua wa chuma utaharibu sura ya bustani. Kuhusu sura, sina la kusema zaidi ya kwamba maiti ya mtoto huiharibu zaidi. Kuhusu yaya, tuwe waadilifu. Binti huyo tumempa kupika, kufua, kupiga pasi na kulea watoto wawili. Yawezekana hajawahi kufundishwa kuogelea. Akiona mtoto majini, ama atapiga mayowe au atajitosa wafe wote wawili. Kumtwika yeye mzigo ambao kipande cha chuma kingeubeba ni dhuluma.

Wala wazazi wenyewe tusijisifu. Siku ya karamu ya Jumapili kuna watu wazima ishirini kando ya maji, na kila mmoja anaamini kwamba mwingine anatazama.

Maoni yangu ni kwamba Serikali ya Kaunti ya Nairobi iweke orodha ya vidimbwi vyote vya makazi na kuvikagua kila mwaka, kama vile lifti na vifaa vya kuzimia moto vinavyotakiwa kukaguliwa. Kidimbwi kisicho na ua wa pande nne kimwagwe maji mpaka ua ujengwe. Kilichotelekezwa kifukiwe au kifunikwe.

Utasema, msomaji, cheti kingine ni hongo nyingine. Hofu hiyo ina msingi. Kwa sababu hiyo masharti yawe machache, yapimike, na yabandikwe kwenye lango la kidimbwi ili mpangaji yeyote aweze kuyahakikisha kwa utepe wa fundi. Bwana afya akifumba macho, wapangaji mia moja hawatafumba.

Usingoje kaunti, lakini. Jumamosi hii shuka uende kukitazama kidimbwi cha jengo lako. Pima ua. Sukuma lango uliachie uone kama litajifunga. Tazama kama kuna boya na mti mrefu wa kumvutia mtu. Ukikuta kasoro, mwandikie wakala na ubaki na nakala. Katika mkutano wa wakazi, uliza ada ya huduma inalipia nini. Wakati wa karamu, mteue mtu mzima mmoja asiye na kinywaji wala simu mkononi, atazame maji kwa dakika ishirini, kisha apokewe na mwingine.

Na jifunze huduma ya kwanza, wewe pamoja na yaya na bawabu. Mtoto aliyetolewa majini akiwa hapumui asining'inizwe kichwa chini wala kubanwa tumbo. Mpulizie pumzi mdomoni mara mbili hadi tano, kisha kandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi mbili, bila kuacha, huku mwingine akipiga simu 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hata akizinduka, apelekwe hospitalini.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa Nairobi ukuta tumekwisha kuujenga, tena mrefu. Ufa ndio tuliouacha, nao uko ndani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni.