Dirisha la STI linafungwa: Mambo ya kujua kabla ununue Subaru ya ndoto zako

Wewe ni msee wa Subaru? Tulia kidogo, kuna hesabu hapa ambayo wengi mtaani hawajafanya. Ile WRX STI umeweka kwa skrini ya simu tangu ukiwa shule imebakisha muda kidogo sana. Sheria zikibaki vile ziko, ikifika mwisho wa 2027 hutaweza tena kuagiza hata moja ya petroli kutoka Japan.

Iko hivi. KEBS hawakubali mtumba uliopitisha miaka 8 tangu usajiliwe mara ya kwanza. Subaru nao waliaga STI ya soko la Japan na toleo la EJ20 Final Edition, magari 555 pekee. Oda zilifungwa 2019, na za mwisho zikatoka 2020. Ndai ya 2020 mwisho wake wa kuingia Mombasa ni Desemba 2027. Machi 2022 kampuni ikasema wazi kwamba WRX mpya haitapewa STI ya petroli. Oktoba 2025 walionyesha gari mbili za majaribio zenye jina la STI pale Tokyo, moja ya injini ya boksa na nyingine ya umeme. Lakini gari ya maonyesho huwezi kuendesha Thika Road.

Ilianzia wapi?

Turudi 1992. Subaru walikuwa wanahitaji ndai ndogo na nyepesi ya kushinda rally. Wakachukua Impreza, wakaiwekea injini ya EJ20 ya lita 2 yenye turbo, nguvu ya farasi 240, na magurudumu yote manne yakavuta. Wakaiita WRX. STI yenyewe ni kitengo cha michezo cha Subaru kilichoanzishwa 1988, na 1994 ndio kilitoa WRX STI ya kwanza.

Matokeo unajua. Colin McRae akabeba taji la dunia la madereva 1995, Richard Burns 2001, Petter Solberg 2003. Kampuni yenyewe ikachukua taji la watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Ile rangi ya bluu na manjano na namba 555 ilikuwa ya mdhamini wao, kampuni ya sigara. Sasa unaelewa kwa nini Final Edition ilikuwa 555.

Na hapa kwetu mapenzi hayakutoka kwa TikTok. 1994, Patrick Njiru alimaliza Safari Rally nafasi ya 4 na Impreza WRX, Mkenya akipambana na timu za pesa nyingi. McRae akashinda Safari 1997, Burns akashinda 2000, wote na Impreza. Mzee wako akikwambia walisimama kando ya barabara wakila vumbi kungoja Subaru ipite, usimcheke.

Jua ndai kwa sura na kwa namba

Kizazi cha kwanza ni GC8, ile ya boksi boksi. Mfalme wake ni 22B ya 1998, injini ya lita 2.2, na Japan zilitoka 400 tu. Mwaka wa 2000 ikaja sura ya macho ya mviringo, Bugeye. Ikafuatwa na Blobeye, halafu Hawkeye. 2007 wakaikata nyuma ikawa haina buti, mashabiki wakalia, na 2010 buti ikarudi. 2014 jina la Impreza likatolewa kabisa, ikabaki WRX tu.

Hapa sasa ndipo watu wanachomwa. Beji ya STI ni kitu unapata kwa duka la vipuri, na bawa la nyuma ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi. Mtaani kumejaa Impreza za 1.5 zisizo na turbo, zimevaa beji ya waridi na pua kwa boneti. Hakuna ubaya kuipamba yako. Ubaya ni kuuziwa hiyo kwa bei ya STI.

Kwa hivyo usiangalie beji, soma namba ya chasisi. GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida. GRB ni STI ile haina buti, lakini GH2 ni ile 1.5. Kuanzia 2014, VAB ndio STI yenyewe, gia za mkono na EJ20. VAG ni WRX S4, gia za otomatiki peke yake na injini tofauti. Na ukiona imeandikwa "STI Sport", pole pole: hiyo ni daraja la vipambo na sasupensheni, hata Impreza isiyo na turbo iliipata.

Hata mngurumo unadanganya. Ile sauti ya dugu-dugu hutokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu tofauti, moshi unafika kwa turbo bila mpangilio. STI nyingi za Japan baada ya Bugeye zina mabomba ya urefu sawa, kwa hivyo ziko kimya zaidi. Yaani ile inapiga kelele mtaa mzima inaweza kuwa feki, na ile imetulia ikawa ndio mnyama.

Ganji sasa

Ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini ya lita 2, halafu VAT 16. Zinapandiana. Piga hesabu: thamani ambayo KRA wanaweka inakaribia kuongezeka mara mbili, na bado hujalipa ada zingine. Hapo hujagusa bima, hujanunua tairi, na hujapata fundi anayeijua boksa vizuri. Turbo ukiinyima oili safi, utaijengea injini upya kwa mkopo.

Dirisha likifungwa, STI zilizo ndani ya nchi ndizo zitabaki. Kila moja inayogongwa, inayovunjwa vipuri au kuchomwa injini, idadi inapungua. Bei ya safi itapanda, na wakora watapata sababu zaidi ya kubandika beji. Kwa hivyo kama uko na doh, nunua ya namba halali, servisi zake zikiwa zimeandikwa. Kama hauna, usichukue loan ya kukuua juu ya presha ya wasee wa base. WRX ya kawaida iliyotunzwa itakupa raha ile ile siku nyingi za wiki.

Na ukishaipata, mbio peleka time trial, ambako kuna helmeti na ambulensi karibu. Barabara kuu usiku kuna mama anavuka akitoka job. STI zitaisha siku moja, hiyo tumekubali. Wewe usiishe nayo.