Barua kutoka Waltham: watafiti wetu chipukizi tuwalipie wenyewe

Ndugu zangu wa Kampala,

Nawaandikia kutoka Waltham, Massachusetts, mji ambao ukipita Moody Street siku ya Jumamosi unasikia Kiganda kila hatua chache. Nina hasira, na mtanisamehe nikianza nayo kabla sijauliza hali za watoto.

Tangu Marekani ianze kukata misaada mwanzoni mwa 2025, kila nikipiga simu nyumbani jibu ni lilelile: tunangoja wafadhili wengine. Mei mwaka huohuo, NIH, taasisi za serikali ya hapa zinazogharamia utafiti wa afya, zikatangaza kwamba hazitatoa tena ruzuku kwa mtindo wa profesa wa Marekani kupokea fedha na kumkatia fungu mshirika wake wa nje, mpaka utaratibu mpya upatikane. Mnajua maana yake pale Makerere. Wakubwa wana vyeo vyao. Anayeumia ni kijana aliyemaliza shahada ya pili juzi, mwenye mkataba wa miezi kadhaa na swali zuri kichwani kuhusu msonono au skizofrenia. Mkataba umekwisha na swali limebaki kwenye daftari. Nanyi mnangoja.

Niwaambie jambo linaloniuma hapa. Kuna mfuko New York unaoitwa Brain & Behavior Research Foundation. Ulianzishwa mwaka 1987, na nyuma yake walikuwapo wazazi na ndugu wa wagonjwa wa akili, watu waliochoka kuona watoto wao wakipotea huku madaktari wakikisia. Tangu mwaka huo unawapa ruzuku watafiti wanaoanza kazi, na leo ni hadi dola 35,000 kwa mwaka, kwa miaka 2. Wanasayansi wanaochagua maombi wanajitolea. Gharama za ofisi zinalipwa na wafadhili maalumu, ili kila senti inayochangwa kwa ajili ya utafiti iende kwenye utafiti. Familia zilijitokeza hadharani zikasema: mwanangu anaumwa, chukueni fedha hii, tafuteni.

Sisi tunawaficha wagonjwa wetu. Jina la Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa 1955 na ambayo imebeba wagonjwa wa nchi nzima, tumelifanya tusi la kurushiana kwenye teksi. Halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayechangia.

Msiniambie Waganda hawachangi. Nimekaa kwenye mikutano ya harusi, nimeona ahadi zikiandikwa mpaka usiku wa manane. Mbio za saratani za Rotary zilianza 2012, na leo kila mtu anajua kazi iliyofanyika hospitali ya Nsambya. Mbio za Kabaka, mfalme wa Buganda, zimechangia fistula, zikachangia selimundu, zikaja kwenye UKIMWI. Watu wananunua fulana kwa maelfu na kukimbia kwa furaha. Mkono wetu si mfupi hata kidogo. Tumeukunja kwa ugonjwa mmoja tu, kwa sababu ya aibu.

Ninachotaka ni mfuko wa hisani wa Uganda, fedha zake zetu, kwa ajili ya watafiti wa afya ya akili walio mwanzo wa kazi. Vijana 10 kila mwaka, kila mmoja shilingi milioni 15 kwa mwaka, kwa miaka 2. Nimepiga hesabu: anachopewa kijana mmoja wa hapa kwa mwaka kinawatosha wetu 8. Ruzuku itoke kwa jina la kijana mwenyewe, isipitie mradi wa mkubwa wake. Swali liwe lake. Isilipie semina hotelini, posho za wageni waalikwa wala gari. Na akimaliza, arudi kule alikokusanya majibu akawaeleze watu kwa lugha yao alichokiona.

Mtauliza milioni 15 zinafanya nini. Mwulize daktari yeyote anayesomea magonjwa ya akili Mulago na Butabika. Ninamfahamu mmoja, binti wa jirani yetu, aliyetaka kujua msonono wa kina mama baada ya kujifungua. Ada ya kamati ya maadili alilipa yeye. Mtu wa kutafsiri hojaji kwa Kiganda alimlipa yeye. Kurasa alizitoa fotokopi Wandegeya, akazibana pini moja moja, akazibeba kwenye mfuko wa plastiki mapajani juu ya boda. Nauli za kina mama wanaorudi mara ya pili zikamshinda, kwa hiyo hakuna aliyerudi mara ya pili, na sehemu ya utafiti iliyokuwa na thamani kubwa ikafa pale. Hakupungukiwa akili, alipungukiwa nauli.

Nasi ndio tunaopaswa kujua zaidi ya wengine kwamba utafiti huu unalipa. Mwaka 2003 dunia ilisoma kuhusu vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambako, katika nusu yake, watu wenye msonono walitibiwa kwa mazungumzo ya kikundi yakiongozwa na wenyeji wasio madaktari, wakapata nafuu kubwa. Jina la kwanza kwenye makala ile ni la mgeni. Baadaye Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu, wa Makerere, akabuni tiba yake ya vikundi kwa watu wanaoishi na VVU na kuipima kaskazini, Gulu, Kitgum na Pader. Fedha za kumwinua zilitoka Kanada. Kanada! Nampigia saluti dada yule kila nikimsoma. Lakini wako wangapi wenye kichwa kama chake ambao Kanada haikuwaona?

Mtasema: wewe uliyeondoka unatufundisha nini? Mna haki. Uuguzi wa akili nilijifunzia Butabika, kwa wagonjwa wa Uganda, na leo nazigawa dawa za usiku katika wodi ya hapa, kwa watu wasiokosa muuguzi. Zamu ikitulia nawakumbuka niliowaacha, na fedha ninazotuma kwa ada na mabati hazijawahi kunyamazisha hilo.

Sisi wa nje tunatuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Kwa hiyo naanza na wenzangu: UNAA, chama chetu Waganda wa Amerika Kaskazini, tunapokutana kila wikiendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya hapa, tukate dola 5 kwenye kila tiketi kwa ajili ya mfuko huu. Nanyi wa nyumbani, Rotary, Mengo kwa Kabaka, na viongozi wa dini wa Kibuli, Namirembe na Rubaga, mwaka mmoja tu andikeni afya ya akili kwenye fulana. Tajeni wadhamini tunaowaamini, fungueni akaunti, itangazeni redioni. Mchango wangu wa kwanza nimeshautenga.