Diski ao kushusha kwa intaneti: mchezo wa video unabaki mali ya nani?

Mu mitaa mingi ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, chumba cha michezo kinajulikana toka mbali: kelele za vijana, televisheni moja ao mbili, benchi ya mbao, na watoto wenye kushika franka zao mkononi wakingojea mechi yao. Anayeshindwa anaacha maneti, mwingine anaingia. Kwa mwenye chumba, ile ni kazi kama kinyozi ao kibanda cha kuchaji simu. Njo inalipa nyumba, njo inalipa masomo ya watoto.

Sasa ile kazi iko na swali mpya. Mashini za kucheza zinazofika sokoni ziko za aina mbili: zenye tundu ya kuingiza diski, na zisizo nayo. Isiyo na tundu ni ya bei ya chini. Wengi wanaangalia bei tu, wanalipa, wanabeba. Wakifika nyumbani njo wanaelewa kama walichagua kitu kikubwa kuliko rangi ya mashini: walichagua nani atakuwa mwenye michezo.

Bei ya chini yenye deni nyuma

Sony ilipoleta PlayStation 5 mwezi Novemba 2020, ilitoa aina mbili kwa pamoja. Kule Marekani, yenye tundu ilikuwa dola 499, isiyo na tundu dola 399. Nguvu ya mashini ni moja, michezo ni ile ile. Mwishoni mwa mwaka 2023 ikatoka PS5 nyembamba, ambayo tundu yake inaweza kutolewa ao kuongezwa. Kisha, Novemba 2024, PS5 Pro ikaingia sokoni kwa dola 700 bila tundu kabisa. Anayetaka diski ananunua tundu pembeni, karibu dola 80, na mara ya kwanza mashini inaomba intaneti ili kuikubali.

Kwa nini kiwanda kipunguze bei namna ile? Hesabu si nguvu. Diski moja inaweza kupita mikono mitano: kijana anaimaliza, anaiuza kwa mwenzake, naye anaibadilisha na ingine, mwisho inafika mu chumba cha michezo. Kiwanda kilipata feza mara moja tu. Lakini mwenye mashini isiyo na tundu hana soko ya okazioni. Paka duka moja, lile la kiwanda ku intaneti, na bei inapangwa na mwenye duka.

Viwanda vilikwisha kujaribu kuifunga ile njia ya okazioni. Mwaka 2013, Microsoft ilitangaza kama Xbox One itaweka masharti ku diski zinazouzwa tena ao kuazimwa. Wachezaji walikasirika. Sony ikatumia ile hasira: ikaonyesha video fupi ya mtu anamupa mwenzake diski mkononi, kwamba njo ginsi ya kugawa mchezo ku PlayStation 4. Mu mwezi ule ule wa Juni Microsoft ikarudi nyuma. Leo, miaka zaidi ya kumi kisha, hakuna anayekataza kuuza diski. Tundu tu njo inapotea polepole, na wanunuzi wenyewe wanaikubali kwa sababu ya bei ya chini.

Duka lisilojua Kongo

Kwa mkaaji wa Kivu ao Ituri, kununua ku intaneti kuna ugumu ambao watu wa Ulaya hawauone. Ili kununua mchezo wa PlayStation, lazima kufungua konti ya PlayStation Network na kusema unaishi nchi gani. Kongo haiko ku ile orodha. Mu Afrika, Afrika Kusini njo iko. Kwa hiyo vijana wengi wanaandika kama wako Ufaransa, Ubelgiji ao Marekani, wakati wako Katindo ao Kadutu.

Inatembea, lakini ni kutembea ku mafuta ya mtu mwingine. Masharti ya konti yanaomba habari za kweli. Kadi ya kununulia inapashwa kuwa ya nchi ile ile iliyoandikwa ku konti: kadi ya Marekani haiingie mu konti ya Ufaransa. Na siku konti inafungwa, michezo yote iliyolipiwa inabaki ndani.

Mwezi Mei 2024 ilionekana wazi. Mchezo wa Helldivers 2 ulikuwa unauzwa pia kwa watu wa kompyuta, hata kule ambako PlayStation Network haiko. Sony ikatangaza kama kila mchezaji wa kompyuta atapashwa kuwa na konti yake. Mara moja mchezo ukaondolewa sokoni mu nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na ile huduma. Wachezaji wa dunia nzima walilalamika, na kisha siku chache Sony ikaacha lile sharti. Lakini fundisho lilibaki: mtu anaweza kulipa mchezo leo, kesho nchi yake ikawa tatizo.

Kuna pia swali ya malipo. Duka la kiwanda linaomba kadi ya benki. Goma, benki zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, wakati mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Bukavu ikafuata mu Februari. Feza ya simu ikabeba maisha ya watu. Basi anayetaka mchezo wa kushusha anapita kwa mtu wa katikati: anamutumia dola kwa simu, ule anamupa namba za kadi. Kila mkono unaopita unakata kitu chake, na namba zikikataa, hakuna mahali pa kulalamika. Diski inanunuliwa mbele ya macho: mununuzi anaiomba, inaingizwa mu mashini, inacheza, analipa.

Hesabu ya mega

Mchezo mkubwa wa leo unaweza kuwa na giga 50, 80, hata kupita 100. Kila mtu apige hesabu na bei ya mega zake mwenyewe. Kama giga moja inamutoka dola moja, mchezo wa giga 80 unaongeza dola 80 juu ya bei ya mchezo. Na mashini ya PS5 ya kwanza inabakisha nafasi ya giga karibu 670 tu kwa michezo. Ikijaa, lazima kufuta mmoja ili kuingiza mwingine, na siku ya kuurudisha, mega zinalipwa tena.

Umeme ukikatika katikati, kazi haipotee yote: mashini inaendelea pale ilifika. Lakini kwa mtandao wa simu, usiku mmoja hautoshe mara nyingi. Diski ya PS5 inaweza kubeba hadi giga 100. Hata kama mashini inaikopia ndani na kuomba marekebisho kiisha, sehemu kubwa imekwisha kuingia bila kulipa mega.

Kinachonunuliwa ni ruhusa

Kuna neno ambalo maduka ya intaneti yalikuwa yanalificha mu maandishi madogo: mununuzi hanunue mchezo, ananunua ruhusa ya kuutumia. Jimbo la California, Marekani, liliweka sheria mwaka 2024, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2025: duka likitumia neno "nunua" kwa mchezo ao filamu ya kushusha, linapashwa kueleza wazi kama ni ruhusa.

Ufaransa pia waliburuzana mahakamani. Shirika la kutetea wanunuzi, UFC-Que Choisir, lilishitaki Valve, mwenye duka la Steam, kwa sababu linakataza mtu kuuza mchezo alioshusha. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilisema mununuzi ana haki ya kuuza. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikageuza: hapana, haiko sawa na diski.

Kwa mwenye chumba cha michezo, ile si mambo ya mawakili tu. Mashini na diski ni mali yake. Mtoto akigonjwa, anaweza kuuza diski tatu na kulipa dawa. Michezo iliyo ndani ya konti haiuzwe, haiwekwe rehani, haimwachie mdogo wake urithi.

Mfano wa karibu zaidi ni mpira wenyewe. Mwaka 2023, mkataba kati ya EA na FIFA ulipokwisha, mchezo ukabadilisha jina, ukawa EA Sports FC 24. Michezo ya zamani ya FIFA ikaondolewa ku maduka ya intaneti. Aliyekuwa amekwisha kununua alibaki nayo, lakini mununuzi mpya hakuipata tena. Diski za FIFA 23 ziliendelea kuzunguka sokoni kama vile hakuna kilichotokea.

Diski nayo si malaika

Wanaotetea diski wanasahau mambo mengine. Vumbi ya volkano na mikono ya watoto vinaikwaruza haraka. Inaibiwa. Na mu sehemu hii ya inchi, watu wanakimbia. Mei 2021, kiisha Nyiragongo kulipuka, wakaaji wengi wa Goma walipoambiwa watoke, kila mtu alibeba kile mikono iliweza. Nyumba ikiungua ao ikiporwa, diski zinakwenda nayo. Aliyenunua ku konti, akikumbuka namba zake za siri, anaweza kupata michezo yake ku mashini ingine, mu mji mwingine. Ile ni faida ya kweli, na haifai kuichekelea.

Tena diski haina maana sikuzote kama mchezo uko ndani. Mwaka 2022, diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ilikuwa na mega karibu 70 tu, mchezo wenyewe, giga na giga, ulipashwa kushushwa. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, iko na kadi zingine ambazo ni kama ufunguo: zinafungua mchezo, lakini mchezo unatoka ku intaneti. Ile kadi inaweza kuuzwa tena, ni kweli, lakini siku duka la Nintendo litafunga, itakuwa plastiki. Na maduka yanafunga: lile la Wii U na 3DS liliacha kuuza Machi 2023, la Xbox 360 Julai 2024.

Mbaya zaidi, kuna michezo inayokufa hata na diski mkononi. The Crew ya Ubisoft, mchezo wa mwaka 2014, ilikuwa inaomba intaneti wakati wote. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima seva, na mchezo ukaisha kwa wote, wenye diski na wasio nayo. Kutoka pale Ross Scott, mtu wa video za YouTube, akaanzisha harakati ya Stop Killing Games. Sahihi zaidi ya milioni moja zilikusanywa mu Ulaya hadi Julai 2025, kuomba mchezo uliouzwa usiuawe na aliyeuuza.

Njia ya tatu inayojulikana na wote

Kuna wengine ambao hawako upande wowote: wenye Play 2 na Play 3 "zilizofunguliwa" na fundi, michezo yote imekopiwa ku diski ngumu ao ku flashi. Ni njia ya bei rahisi, na vyumba vingi viliishi kwa sababu yake. Lakini ni kukopia kazi ya wengine bila haki. Vile vile, mashini ile ikienda ku intaneti, kiwanda kinaweza kuifungia. Ku mashini mpya kazi ya fundi ni nguvu zaidi. Kijana anayewaza kuendelea namna ile na PS5 anaweza kupoteza mashini ya bei kubwa.

Kabla ya kulipa

Kwa mwenye chumba cha michezo ao familia yenye mashini moja ya watoto wengi, mu hali ya leo ya mashariki, mashini yenye tundu inabaki chaguo la akili. Dola za tofauti zinaweza kurudi kwa kuuza na kubadilishana diski chache. Kwa mtu anayehamahama, mwenye intaneti nzuri na ndugu wa Ulaya anayemununulia kwa kadi yake, kushusha kunaweza kumfaa, kama anajua anachopata.

Maulizo matatu yanatosha mbele ya muuzaji. Mashini iko na tundu? Mchezo wote uko ku diski, ao kuna maandishi madogo ku boksi yanayosema kushusha ni lazima? Mchezo unacheza bila intaneti? Ulizo la tatu linajibiwa palepale: muuzaji aondoe Wi-Fi, awashe mchezo, na mununuzi angojee mpira uanze ndipo atoe feza mufukoni.