Anga ya Gusii si ya chopa peke yake

Na Kerubo Omwenga

Wikendi huku Gusii ni ya mazishi na harambee, na mazishi ya mtu mwenye jina siku hizi hayajatimia mpaka chopa itue katika uwanja wa shule. Watoto huacha kila kitu wakakimbilia vumbi lake. Mheshimiwa hushuka, hupunga mkono, huhutubia, hupanda tena, nao hubaki wakitazama juu. Sina ugomvi na chopa. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kisii au Nyamira anajifunza mapema kuwa angani ndiko wanakotokea wakubwa, na kwamba kazi yake yeye ni kutazama. Ndiyo maana natoa hoja ambayo wengine wataiona ya kitoto: kaunti hizi mbili zitenge wikendi chache kila mwaka, juu ya ukingo wa Manga, kwa ajili ya watu wanaojenga na kurusha glaida za mfano zinazoongozwa kwa rimoti.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Ninayoizungumzia hapa ni nakala ya ndege halisi iliyopunguzwa kwa kipimo, mara nyingi robo au theluthi ya ukubwa wake, kwa hiyo mabawa ya mita 15 yakipunguzwa hadi robo bado yanakaribia mita nne. Mjenzi hufuata michoro ya ndege yenyewe: mbavu za bawa, bawaba za usukani, hata kiti cha rubani na mwanasesere aliyevalishwa kofia. Katika mikutano ya namna hii huko Ujerumani na Uingereza, watu hukaa chini muda mrefu kuliko ndege zao zinavyokaa juu. Wanakaguana kazi, wanaulizana kuhusu gundi, wanangoja upepo. Ndege ikishaachiliwa, mrushaji hana injini ya kumwokoa. Lazima atafute hewa inayopanda, ama pale upepo unapogonga kilima ukalazimika kuinuka, ama pale jua linapopasha ardhi joto na hewa ya juu yake ikawa nyepesi.

Huku kwetu hewa ya aina zote mbili ipo. Mchana upepo wa Ziwa Viktoria huingia nchi kavu na kupanda vilima hivi, na ukikutana na upepo wa mashariki ndipo tunapata mawingu yale mazito ya alasiri. Ukisimama Manga, mpakani mwa kaunti hizi mbili, mji wa Kisii uko chini yako na ardhi inateremka kuelekea ziwani. Kwamba miinuko ya Kenya inabeba ndege zisizo na injini si jambo la kubahatisha: ukingo wa Elgeyo juu ya bonde la Kerio huwavuta warushaji wa parashuti za milimani kutoka Ulaya, na Mweiga karibu na Nyeri pamekuwa na klabu ya glaida zenye marubani ndani. Tofauti ni kwamba sisi tuna radi na mvua ya mawe. Mtu aliyesimama kileleni na rimoti wakati wingu jeusi linakusanyika anajitafutia msiba, kwa hiyo mkutano wa Manga ungepaswa kuanza asubuhi na kufungwa kabla mawingu hayajakomaa, hata kama upepo ndio kwanza umenoga.

Pingamizi la kwanza nalijua: huo ni mchezo wa watu wenye pesa. Historia inasema vingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwabana Wajerumani kuhusu ndege za injini, na mwaka 1920 vijana wakaanza kukusanyika katika mlima wa Wasserkuppe kurusha glaida walizojijengea wenyewe. Mwalimu wa kijijini, Ferdinand Schulz, alijenga yake kwa vitu duni kiasi kwamba watu waliibandika jina la mpini wa ufagio. Mei 1924 alikaa nayo hewani saa 8 na dakika 42, rekodi ya dunia wakati huo. Sisemi glaida ya mfano haina gharama. Rimoti na mota ndogo za usukani lazima zinunuliwe. Lakini rimoti moja huhifadhi mipangilio ya ndege kadhaa, hivyo kikundi kizima kinaweza kuitumia kwa zamu, na glaida ya kwanza ya mwanafunzi inaweza kukatwa kutoka kwenye stairofomu inayofungia televisheni. Ama kuhusu mikono, eneo ambalo mafundi wa Tabaka huchonga kiboko na tembo wa kutosha kiganjani kutoka jiwe la sabuni haliwezi kudai kwamba kuiga kwa kipimo ni elimu ya kigeni.

Tena kipimo kina hesabu yake. Punguza glaida ya kilo 320 hadi robo kwa urefu, upana na kimo, na uzani wake unapaswa kukaribia kilo 5, wala si 80, kwa sababu ujazo unashuka mara 64. Mwanafunzi anayekosea hapo ataiona ndege yake ikianguka kama gunia. Mtaala mpya umeweka somo la urubani na teknolojia ya ndege katika shule za sekondari ya juu, ambazo zilipokea Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa miaka mingi somo hilo lilijulikana zaidi kupitia Shule ya Upili ya Mang'u. Shule za huku zitalifundishia wapi, na kwa kitu gani cha kushika?

Pingamizi la ardhi ndilo zito zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na mashamba yamegawanywa mpaka mengine ni vipande vya migomba michache na mistari ya majani chai. Nakubali kabisa kwamba glaida kubwa zinazovutwa na ndege nyingine hazina nafasi hapa, maana zinahitaji uwanja mrefu tambarare. Za kurushwa kwa mkono ukingoni zinahitaji kipande kidogo cha nyasi tu, pamoja na mkataba wa wazi na wenye mashamba ya chini kuhusu nani analipa mche wa chai ukivunjwa. Wazee nao waulizwe mapema, kwa kuwa Ngoro ya Mwaga, mahali pa kimila, iko huko huko Manga na si pa kuvamiwa na mahema.

Kuhusu sheria, Bunge lilizikataa kanuni za kwanza za droni mwaka 2018, na kanuni mpya zikaja 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, zikiwa na mpaka wa futi 400 kutoka ardhini. Hofu ya usalama inaeleweka, lakini ni hofu ya kamera na injini, na kijana mwenye bawa la mbao hana wakili wa kumfafanulia fomu. Hapo ndipo serikali ya kaunti inaweza kusaidia bila kugusa hela za dawa: kuandika barua moja kwa mamlaka kwa niaba ya kikundi kizima, kuonyesha eneo na saa, na kuizingatia anga ya kiwanja cha ndege cha Suneka. Barua hiyo itahitaji sahihi mbili, ya Kisii na ya Nyamira. Kaunti zilizovutana miaka yote hii kuhusu ushuru wa mji wa mpakani wa Keroka zinaweza kuanzia hapo, maana hakuna ushuru wa kugombania.