Majilio ya watu wa mpakani

Kila mwaka, Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, Wakristo wengi huingia katika kipindi ambacho makanisa yetu hukiita Majilio. Jina hili lastahili kutazamwa na mwalimu wa lugha kabla halijatwaliwa na mhubiri. Asili yake ni kitenzi kuja, ambacho kimenyambuliwa katika kauli ya kutendea kikawa jia, kisha kikarefushwa tena kikawa jilia. Kauli hiyo haikubali kusimama peke yake, hudai mtendewa. Mtu anaweza kuja tu, akapita zake. Lakini akikujilia, amekuja kwako, hapo hapo ulipo, na katika hali uliyo nayo. Sidhani kuna mahali ambapo maana hii yahitajiwa zaidi kuliko Lunga Lunga na vijiji vya kusini mwa Kwale.

Lunga Lunga ni mpakani. Barabara itokayo Likoni, ikapita Diani, Msambweni na Ramisi, huishia hapo kwa upande wetu, na mbele yake ni Horohoro na njia ya Tanga. Wadigo wako pande zote mbili, kwa kuwa mstari huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 pasipo mwenyeji yeyote kuulizwa. Wasomaji wataniwia radhi nikilichezea neno moja zaidi: katika Kiswahili, mpaka ni mstari wa nchi, na mpaka vilevile ni kikomo cha kungoja, kama tusemapo "ngoja mpaka kesho". Mtu wa mpakani amezijua maana zote mbili, aghalabu kwa siku moja.

Tukizungumzia nyakati za mashaka, hatuna budi kuukumbuka mwaka 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kutwaa silaha. Katika majuma yaliyofuata, zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakayahama makao yao, wengi wao wakiwa watu wa bara waliokuwa wameishi pwani kwa miaka mingi. Maelfu walikimbilia ua wa Kanisa Katoliki la Likoni, wakalala hapo na watoto wao. Haki yatudai tuseme pia kwamba vijana walioingizwa katika fujo hizo walikuwa wamechochewa kwa malalamiko ya kweli ya ardhi na ajira, na kwamba msako uliofuata uliwatesa Wadigo wengi wasiokuwa na hatia. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998. Ripoti yake haikutolewa hadharani ila mwaka 2002.

Majilio ya mwaka huo yalianza tarehe 30 Novemba, mvua za El Niño zikiwa zimekwisha kuzikata barabara, na uchaguzi mkuu ukingojewa tarehe 29 Desemba, siku nne tu baada ya Krismasi. Mkristo wa Ukunda au Likoni aliyeingia kanisani Jumapili hiyo hakuhitaji kufafanuliwa giza ni nini. Swali lake lilikuwa jingine: je, nirudi nyumbani kwangu au nisirudi? Na jirani yangu Mwislamu, ambaye watoto wetu walikuwa wakicheza pamoja, atanipokea kwa uso gani, nami nitamtazama kwa uso gani?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahubiri wengi wa msimu huu. Wao husema "subirini", kana kwamba kungoja ni kukaa kitako mikono ikiwa mapajani. Neno subira ni tukufu, nasi wa pwani tunalishiriki na ndugu zetu Waislamu, lakini limetumiwa mno kumnyamazisha maskini. Injili za Majilio hudai jambo gumu zaidi, yaani kukesha. Mkulima wa Kwale ajua kukesha kulivyo. Mahindi yakikaribia kukomaa, hupanda dunguni akawinga nguruwe na nyani, hupiga debe, hupaza sauti, huwaita wenzake. Hawezi kuyaharakisha mahindi hata kwa siku moja, lakini akisinzia, hatavuna.

Wamakonde wa Kwale walikesha hivyo. Babu zao waliletwa kutoka Msumbiji, tangu miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kikafungwa mwaka 1988, nao wakabaki, wakazaa na kujukuu, bila kitambulisho. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, haajiriwi na serikali, hapigi kura. Mwezi wa Oktoba 2016 mamia yao walifunga safari kwenda Nairobi, wakianza kwa miguu, wakamwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha.

Mwalimu wa dini asomapo habari ya Yusufu na Mariamu kwenda Bethlehemu kuandikwa, kwa amri ya Kaisari, asiupite mfano huu. Yusufu alisafiri kwa kuwa serikali ilitaka kumwandika. Wamakonde walisafiri kwa kuwa serikali haikuwaandika. Krismasi ya 2016 ilipita, na ilikuwa Februari 2017 rais alipokwenda Kwale kuwakabidhi hati zao. Wapemba wa pwani walikuwa wakingali wanangoja. Kutambuliwa kwao rasmi kulikuja mwaka 2023.

Shule hufungwa wakati wa Majilio, na wanafunzi wa kidato cha nne huenda nyumbani kungoja matokeo. Kijana wa Lunga Lunga hungoja na kitambulisho pia, na kwa miaka mingi aliulizwa kuhusu baba na babu yake maswali ambayo mwenzake wa bara hakuulizwa. Kabla ya likizo, mwalimu wa darasa anaweza kuuliza ni nani aliyetimiza miaka 18 na hana cheti cha kuzaliwa, akamwandikia barua, akaandamana naye hadi ofisini. Padri au mchungaji anaweza kufanya hivyo hivyo baada ya ibada, na imamu baada ya swala ya Ijumaa. Foleni ni ile ile moja.