Treni ya saa sita mchana
Katika sinema zote za kauboi, ninayoipenda zaidi ni High Noon ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Risasi ni chache. Kinachotisha ni saa ya ukutani. Will Kane, anayeigizwa na Gary Cooper, anatafuta watu wa kumsaidia kabla adui yake hajashuka kwenye treni ya saa sita. Anaingia kanisani, waumini wanajadiliana weee, kisha wanamwacha atoke peke yake. Mwandishi wa filamu hii, Carl Foreman, aliyajua hayo: aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akakataa kuwataja wenzake, Hollywood ikamfungia milango, akahamia Uingereza. Mwigizaji John Wayne aliichukia filamu hii. Mimi namheshimu Kane kwa sababu uso wake hauifichi hofu, na bado anabaki.